Tovuti ya fanicha ipo hewani, ila Google haina habari nayo. Wajuvi wa SEO (kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye utafutaji), tatizo ni nini?

#1 · Fundi wa Mninga
Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ya fanicha Keko. Natengeneza makochi, vitanda na makabati, mbao zangu hasa ni mninga na mtiki. Niliona nisitegemee Instagram peke yake, nikamlipa kijana anitengenezee tovuti. Domeni, yaani anwani ya tovuti, ni ya .co.tz, imejengwa kwa programu ya WordPress, picha kali, inapendeza.

Shida ni hii: nikiandika jina la biashara yangu neno kwa neno, inatokea, tena chini huko. Nikiandika "makochi Dar es Salaam" au "vitanda vya mninga", naona wengine tu, wakiwemo wanaokuja kununua mzigo kwetu Keko na kwenda kuuza bei ya juu. Kijana aliyeitengeneza anasema nisubiri, Google inachelewa. Mwingine anasema nilipie matangazo. Wa tatu anataka hela afanye SEO niwe namba moja ndani ya mwezi.

Kwa mtu anayeanza, Google inaangalia nini hasa? Nianze kugusa wapi kabla sijatoa hela nyingine?

#2 · Siti ya Dirisha
Nimekaa mbele kabisa. Mimi nauza viatu na shida ni hiyohiyo. Wajuvi shusheni nondo.

#3 · Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Umepigwa mkuu. Mteja wa Dar akitaka kochi anaingia Instagram, anaona picha, anauliza bei, mnamalizana WhatsApp. Nani anafungua tovuti kutafuta kitanda? Hiyo hela ungeweka kwenye matangazo.

#4 · Seva Baridi
Fundi, twende taratibu. Google inafanya kazi tatu tofauti, na ukizichanganya utalipa watu bure.

Kwanza roboti yake, Googlebot, inapita kwenye kurasa kwa kufuata viungo, ukurasa hadi ukurasa. Pili, ukurasa ukiridhisha unawekwa kwenye faharasa, yaani hazina ya kurasa inazozijua. Tatu, mtu akiandika anachotafuta, ndipo inapanga nani awe juu. Unaweza kukwama hatua yoyote kati ya hizo, na dawa zake hazifanani.

Sasa hivi andika kwenye Google site:jinalako.co.tz bila kuacha nafasi. Zitakazotoka ni kurasa ambazo Google inazo. Si hesabu kamili, ila inatosha kwa kuanzia. Halafu ingia WordPress, kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Watengenezaji wengi hukitia tiki wakati wa ujenzi, wakimaliza wanakisahau.

Kisha fungua Google Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha inavyoiona tovuti yako. Ni bure. Thibitisha kwamba domeni ni yako, halafu wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako zote. WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 inaitengeneza yenyewe, iko kwenye anwani yako ukiongeza /wp-sitemap.xml mwishoni. Ukiwa na plugini (programu ndogo ya nyongeza) ya SEO anwani inaweza kuwa nyingine.

Fanya hayo, leta majibu. Kabla ya hapo kila mtu humu anabahatisha.

#5 · Mzee wa Kijiweni
Seva umezunguka sana. Dawa ni maneno muhimu. Kwenye kodi ya ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayouunda, kuna sehemu ya siri ya kuandika maneno ya kutafutia, unatenganisha kwa mkato: makochi, sofa, vitanda, fanicha, Keko, Dar, bei nafuu. Jaza mengi uwezavyo. Ndivyo tulivyofanya enzi zetu na tulikuwa tunatokea.

#6 · Nondo Kavu
Mzee #5, shikamoo, lakini hiyo imeshapitwa. Google walitangaza wenyewe Septemba 2009 kwamba hawatumii lebo hiyo ya maneno muhimu kupanga matokeo. Watu waliijaza uchafu kiasi kwamba haikufaa tena. Fundi akikaa kuijaza leo anapoteza jioni yake.

Kinachosomwa ni kichwa cha ukurasa, yale maandishi yanayokuja kwenye Google kama mstari wa kubofya. Fundi, kichwa cha ukurasa wako wa kwanza kinasemaje?

#7 · Mzee wa Kijiweni
Marahaba. Sawa kwa Google. Kwani injini ni Google peke yake? Bing je?

#8 · Nondo Kavu
Bing ipo, na inafaa kuisajili tovuti huko pia kwa sababu ni bure na inachukua muda mfupi. Lakini hata huko lebo hiyo haitakupandisha. Wateja wa Fundi wanashika simu za Android, na humo wanakutana na Google kwanza.

#9 · Fundi wa Mninga
Asanteni. Nimefanya alivyosema Seva #4. Kisanduku hakina tiki. Kwenye site: zimetoka kurasa chache tu: wa kwanza, "Kuhusu sisi", na mmoja wa mfano uliokuja na WordPress ambao hata sikujua upo. Ukurasa wa makochi haupo, wa vitanda haupo.

Nondo #6, kichwa kimeandikwa "Home" halafu jina la karakana.

Bei na maelezo ya bidhaa yako ndani ya picha. Kijana alitengeneza posta nzuri kwa kila kochi, zimeandikwa saizi, aina ya mbao na bei humohumo.

#10 · Seva Baridi
Hapo sasa tunaongea. Posta ni picha. Google inajitahidi kusoma picha, lakini usiweke biashara yako juu ya jitihada hizo. Ukurasa wa makochi hauna maandishi hata mstari mmoja, kwa hiyo roboti ikifika inakuta picha tupu na kitufe cha WhatsApp. Haina sababu ya kuuweka.

Toa maandishi kwenye posta uyaandike kwenye ukurasa: seti ya watu wangapi, mbao gani, kitambaa gani, futi ngapi, bei inaanzia ngapi, inachukua siku ngapi kutengenezwa, mnapeleka wapi. Kila picha iwe na maelezo mbadala, sentensi fupi inayosema kilichomo: "kitanda cha mninga futi tano kwa sita chenye droo". Hayo yanamsaidia pia asiyeona anayetumia programu ya kusomewa, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Ukurasa wa mfano ufute.

#11 · Mama Keki Tabata
Jamani mbona mnamzungusha kaka wa watu na kodi wakati biashara yake ina mlango? Fundi, una wasifu wa biashara kwenye ramani za Google?

Mimi naoka keki Tabata. Tovuti yangu ni ukurasa mmoja tu. Kinacholeta watu ni ramani. Mtu akiandika "keki ya birthday karibu nami" akiwa Segerea au Kimanga, nipo. Akiwa Mbezi Beach sipo, na hainiumizi, maana keki ya ghorofa tatu haivuki foleni ya Mwenge salama.

Wasifu ni bure. Wakati wa kuthibitisha niliombwa video inayoonyesha mtaa, bango na vifaa vya kazi. Google wenyewe wanasema wanaangalia mambo matatu: unachouza kinafanana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu wa sehemu yenyewe. Weka saa za kazi za kweli, picha mpya, na ukimfurahisha mteja mwombe aandike maoni. Usimpe punguzo ili aandike, hilo wamelikataza.

#12 · Siti ya Dirisha
Mama Keki umeongea. Na kwenye jina la wasifu niandike "Viatu Bei Poa Sinza Dar es Salaam Original"?

#13 · Mama Keki Tabata
Hapana mwanangu. Andika jina lililo kwenye bango lako. Kuongeza maneno kwenye jina ni kinyume cha masharti yao, na wasifu unaweza kusimamishwa. Dada mmoja jirani yangu alifungiwa hivyo karibu na Iddi, simu zikakatika kipindi ambacho watu wanashona kuliko wakati wowote.

#14 · Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Nasimama na #3. Na sasa hata Instagram yenyewe inaingia Google. Tangu Julai 2025 picha na video za akaunti za biashara zilizo wazi zinaweza kutokea kwenye matokeo. Sasa tovuti ya nini?

#15 · Binti wa Goba
Mchuuzi, ni kweli zinaweza kutokea, lakini angalia kapsheni zetu: "Mzigo mpya umeingia, bei DM". Google itamwonyesha nani ukurasa unaosema bei DM?

Fundi, mimi naandikia biashara za watu maudhui, na naona wote hapo juu mmeruka jambo kubwa. Hujasema wateja wako wanaandika nini. Wewe umejaribu "vitanda vya mninga". Hilo ni neno la fundi. Mteja anayehamia nyumba mpya Madale huenda hajui mninga ni nini. Anaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6", "makochi ya kona", "kabati la nguo milango mitatu", "sofa za kisasa". Wengine wanachanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya mstari mmoja.

Hauhitaji kulipia chombo chochote. Andika "makochi" kwenye Google usibonyeze kutafuta, uone inakupendekezea nini. Shuka chini kabisa ya matokeo uone utafutaji unaofanana. Ingia Google Trends, inayoonyesha watu wanatafuta nini, chagua Tanzania, linganisha maneno mawili. Halafu fungua WhatsApp yako. Kila swali ambalo wateja wanalirudia ni ukurasa unaokudai: mninga na mtiki upi unadumu, kupeleka Kigamboni ni shilingi ngapi, godoro la saizi gani linakaa kwenye kitanda hiki, mnapokea kwa awamu?

Na vitanda viwe na ukurasa wake, makochi wake, makabati wake. Ukiweka vyote pamoja Google haijui ukurasa huo umjibu nani.

#16 · Fundi wa Mninga
Binti wa Goba umenifungua. Kila siku naulizwa hilo la mninga na mtiki. Nikiliandika, liwe refu kiasi gani? Kijana aliniambia maneno elfu moja ndiyo Google inataka.

#17 · Nondo Kavu
Hakuna idadi hiyo. Google wameshasema hawana kiwango cha maneno. Andika mpaka swali liishe. Wewe umeranda mninga miaka yote hiyo, unajua mbao mbichi inavyopinda ikikauka, unajua mdudu anapenda upande gani wa gogo. Hayo hakuna anayeyaandika kwa Kiswahili kwa mapana, na hapo ndipo una faida kuliko wenye maduka makubwa.

Na vichwa, toa "Home". Andika kama "Makochi na vitanda vya mninga na mtiki, Keko Dar es Salaam", kisha jina lako. Kila ukurasa na kichwa chake, visifanane.

#18 · Kijana wa Kodi
Kichwa kisizidi herufi 60, Google inakuadhibu.

#19 · Nondo Kavu
Haiadhibu. Kikiwa kirefu kinakatwa tu kwenye matokeo kwa sababu nafasi ya kioo ni ndogo, na mara nyingine Google inaandika kichwa chake yenyewe kutokana na ulichoandika ndani. Yale maelezo mafupi chini ya kichwa nayo hayakupandishi, ila yakiandikwa vizuri yanamfanya mtu abofye kwako badala ya kwa jirani.

#20 · Kijana wa Kodi
Sawa kwa hilo. Lakini mbona hakuna aliyetaja kasi? Nimefungua tovuti ya Fundi (alinitumia PM) na bando la kawaida, ukurasa wa makochi umenichosha. Kila picha ina megabaiti kadhaa, imetoka kwenye simu ikapandishwa ilivyo. Google ina vipimo vyake: kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa usirukeruke unapofunguka, na ukigusa kitufe uitike ndani ya milisekunde 200. Hicho cha mwisho kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani Machi 2024.

Punguza picha, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili jepesi la picha), ziwe na upana unaolingana na kioo. Mimi naamini hapo ndipo tatizo lilipo.

#21 · Seva Baridi
Kijana, vipimo umevitaja sawasawa. Ila kasi haiwezi kuwa sababu ya ukurasa kutokuwepo kabisa kwenye faharasa. Kasi inagusa kupangwa, na hata hapo ni kwa kiasi. Ukurasa unaojibu swali vizuri unaweza kumpita mwepesi usiojibu. Apunguze picha kwa ajili ya mteja mwenye bando dogo, hiyo ni sababu tosha.

Muhimu zaidi ni toleo la simu. Google ilimaliza mwaka 2023 kuhamia kwenye kusoma tovuti kama simu inavyoiona. Kama kuna maelezo yanaonekana kwenye kompyuta lakini kwenye simu yameondolewa, kwa Google ni kama hayapo.

#22 · Mpiga Linki
Mnazunguka mbuyu. Google ilizaliwa 1998 kwa wazo moja la Larry Page na Sergey Brin: ukurasa unaotajwa na wengine una uzito. Nenda Kariakoo ulizia kifaa fulani cha pampu, maduka matano wakikuelekeza kwa mtu yuleyule, utaenda kwake bila kumwona. Fundi hana hata tovuti moja inayomwelekeza mtu kwake. Aandike atakavyo, bila viungo kutoka nje atakaa ukurasa wa tano.

Nina kifurushi kizuri cha viungo, anayetaka aje PM.

#23 · Nondo Kavu
Wazo lako kuhusu viungo ni sahihi, kifurushi ndicho kinanitia hofu. Fundi, usinunue. Tangu Aprili 2012 Google walipotoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, viungo vya kununuliwa kwa jumla vinaweza kukushusha, na leo mara nyingi vinapuuzwa tu, yaani hela imeenda. Kubandika anwani yako kwenye maoni ya blogu za watu nako hakusaidii. Viungo vya namna hiyo vingi vina alama inayoiambia Google isivihesabu, alama iliyopo tangu 2005.

Viungo vya halali unavyo karibu. Anayekuuzia magodoro na vitambaa ana tovuti? Mwombe akuorodheshe kati ya mafundi anaowauzia. Umetengeneza madawati ya shule au viti vya kanisa? Waombe wakutaje wanapoweka picha za ukarabati. Mchora ramani za nyumba anayeandika blogu, mpe maelezo ya mbao atumie na akutaje.

#24 · Mpiga Linki
Kuna wateja wangu wako juu mpaka leo na viungo hivyohivyo. Nadharia ni nadharia.

#25 · Binti wa Goba
Unajuaje wako juu kwa sababu ya viungo na si kwa sababu wana miaka mingi na kurasa nzuri?

#26 · Siti ya Dirisha
Hapo pamechimbika. Mpiga Linki jibu.

#27 · Mwalimu wa Sarufi
Habari za jioni. Nina swali kwa wote. Ninaendesha tovuti ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, kurasa za Kiswahili na za Kiingereza. Niliambiwa niweke programu ya kutafsiri yenyewe, tovuti nzima igeuke lugha kumi kwa kubofya. Kuna madhara? Na Fundi pia, aandike kwa lugha gani?

#28 · Seva Baridi
Mwalimu, kila lugha iwe na anwani yake, kwa mfano /sw/ na /en/, halafu uweke alama ya hreflang inayounganisha kurasa hizo, kila moja ikitaja mwenzake na kujitaja yenyewe. Lakini alama hiyo haiifundishi Google ukurasa ni wa lugha gani. Lugha inaisoma kwenye maandishi yanayoonekana. Ukiwa na menyu ya Kiingereza na maelezo ya Kiswahili nusunusu, unaichanganya.

Kutafsiri kwa mashine bila mtu kupitia ni hatari. Machi 2024 Google waliweka masharti makali dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kushika nafasi tu, na tafsiri za mashine zisizoongeza kitu zinaingia humo.

#29 · Binti wa Goba
Kwa Fundi, Kiswahili kwanza. Kwenye Kiingereza anashindana na dunia nzima na maduka yenye timu za watu. Akiwa na wateja wa Masaki na Oysterbay wanaoandika Kiingereza, aongeze kurasa chache baadaye, aziandike mwenyewe au ampe mtu.

#30 · Mzee wa Kijiweni
Nauliza jambo. Hiyo .co.tz haimwangushi? Mimi naona .com ndiyo inapendwa na Google.

#31 · Seva Baridi
Mzee, .co.tz inaiambia Google kwamba tovuti inawalenga watu wa Tanzania. Kwa muuza makochi wa Keko hiyo ni faida. Angekuwa anauza vinyago kwa Wajerumani, ningemshauri .com.

#32 · Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Binamu yangu ana .com na yuko juu kuliko wenye .co.tz wote kwenye vipuri vya pikipiki. Kwa hiyo?

#33 · Seva Baridi
Kwa hiyo binamu yako ana kitu kingine kizuri. Domeni haipandishi mtu peke yake.

#34 · Fundi wa Mninga
Wakuu, nimerudi. Search Console imefunguka. Ukurasa wa makochi inasema roboti imeupita lakini kwa sasa haujawekwa kwenye faharasa. Wa vitanda inasema wanajua upo ila hawajaupita bado. Hii maana yake nini? Nimebadilisha vichwa, nimeandika maelezo ya makochi yote kwa mkono wangu, na ule wa mninga na mtiki nimeuanza.

#35 · Seva Baridi
Makochi: walikuja, wakaona, hawakuridhika. Hiyo inalingana na zile posta. Vitanda: wameona anwani kwenye ramani ya tovuti lakini hawajaja, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna kiungo kizuri ndani ya tovuti yako kinachoelekea huko. Weka viungo vya maandishi kutoka ukurasa wa kwanza na kutoka makala ya mbao. Kisha tumia sehemu ya kukagua anwani, omba wapite tena. Kuomba mara moja kunatosha, kurudia hakuharakishi.

#36 · Mpiga Linki
Hawajaja kwa sababu hakuna viungo vya nje. Roboti haina haraka na tovuti isiyotajwa popote. Nilisema #22.

#37 · Kijana wa Kodi
Au seva ni nzito, roboti inapunguza mwendo isiizidie. Jambo hilo lipo na Google wanalieleza.

#38 · Nondo Kavu
Kwa tovuti ya kurasa chache kama hii sidhani. Hilo la mwendo wa roboti ni shida ya tovuti kubwa mno. Mimi nabaki kwenye maandishi, na muda. Google wanasema mabadiliko mengine yanaonekana ndani ya saa chache, mengine miezi kadhaa. Kijana aliyemwambia Fundi asubiri alikuwa na nusu ya ukweli, nusu nyingine ni kwamba aliacha ukurasa mtupu.

#39 · Mtani wa Pwani
Mnahangaika bure, SEO imekufa. Siku hizi Google inajibu yenyewe kwa akili bandia juu ya matokeo, mtu habofyi tena.

#40 · Binti wa Goba
Majibu hayo yalianza Marekani Mei 2024 na yanaenea, ni kweli, na wenye blogu za habari yanawaumiza. Lakini majibu yenyewe yanatolewa kwenye kurasa za watu. Na anayetaka kitanda hawezi kulala juu ya jibu, lazima afike Keko au apige simu. Kwa biashara yenye bidhaa ya kushika, bado kuna kazi ya kufanya.

#41 · Mama Keki Tabata
Kula tano Binti. Fundi, ramani umefungua?

#42 · Fundi wa Mninga
Nimeomba, nimetuma video ya karakana, nasubiri uthibitisho. Na yule aliyeniahidi namba moja ndani ya mwezi amepiga tena, ameshusha bei.

#43 · Nondo Kavu
Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Mwulize atafanya nini hasa kwenye tovuti, akutajie kurasa na kazi. Akishindwa kutaja, mwage. Na usijipime kwa kujitafuta kwenye simu yako, matokeo hubadilika kulingana na mahali ulipo na ulichotafuta zamani. Search Console itakuonyesha maneno yaliyoleta watu na nafasi yako ya wastani.

#44 · Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Matangazo nayo si yanapandisha? Ukiilipa Google lazima ikupende.

#45 · Seva Baridi
Hapana. Matangazo yanakupa nafasi ya matangazo, hela ikiisha unatoka. Matokeo ya kawaida hayaguswi na malipo, wanalisema wazi. Kwa Fundi naweza kukubali matangazo kidogo msimu wa harusi wakati kurasa zinakua, lakini ni bajeti tofauti.

#46 · Fundi wa Mninga
Limeibuka lingine. Nilipotaka kuthibitisha umiliki upande wa domeni, nimegundua imesajiliwa kwa jina la kijana, si langu. Ndiyo maana ilibidi nithibitishe kwa njia ya plugini. Nikihamia domeni mpya nitaanza upya?

#47 · Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Hama mapema. Yupo jamaa yangu alidaiwa hela ndefu na mtengenezaji wake siku ya kulipia upya.

#48 · Nondo Kavu
Usihame kwanza. Mwandikie kijana kwa upole, mwombe ahamishe usajili uje kwa jina lako na barua pepe yako. Wengi hufanya hivyo kwa mazoea tu, si kwa wizi. Weka maombi hayo kwa maandishi.

#49 · Seva Baridi
Akikataa ndipo uhame, na usiizime ya zamani. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwenye anwani yake mpya, ukurasa kwa ukurasa, si zote kutupwa kwenye ukurasa wa kwanza. Kwenye Search Console kuna sehemu ya kuarifu kwamba umehama. Ya zamani iendelee kuelekeza kwa angalau mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba ili uelekeze unahitaji kuishika hiyo ya zamani, kwa hiyo maelewano na kijana unayahitaji kwa vyovyote.

#50 · Mama Keki Tabata
Na anwani ya tovuti aliyoiweka kwenye ramani je?

#51 · Seva Baridi
Hiyo anaibadilisha mwenyewe kwenye wasifu, siku hiyohiyo, pamoja na ya Instagram.